Kodiani Iuzwe au Isiuzwe?

Jumamosi moja baada ya sala ya Isha nilialikwa kuhudhuria mkutano wa chama kimoja cha taarabu hapa Mombasa. Sikualikwa kwa kuwa mwanachama, maana mimi sijui kupiga chombo chochote isipokuwa kalamu. Nilialikwa kwa sababu baadhi ya nyimbo za chama hicho nimezitunga mimi, na mtunzi huhesabiwa mtu wa nyumbani hata kama hana kiti chake. Jina la chama sitalitaja, kwani mambo ya ndani hayaanikwi barabarani. Itoshe kusema kwamba vyama vya namna hiyo katika mji wetu huu havikubaki vingi, na vilivyobaki vinapumua kwa shida.

Neno la kuzungumzwa lilikuwa moja tu: kodiani ya chama iuzwe, na pesa zake zitiwe katika kununua kinanda cha umeme, au isiuzwe?

Kodiani yenyewe ilikuwapo mkutanoni. Ilikuwa juu ya meza, imefunikwa leso, mfano wa maiti anayesubiri kuoshwa. Aliyeipiga kwa zaidi ya miaka 30, mzee mmoja ambaye sisi sote twamwita Ami, alikuwa amekaa kando yake bila kuitazama. Watu 17 walikuwamo chumbani, na wengi wao wana mvi.

HESABU ZA MWEKA HAZINA

Wa kwanza kusema alikuwa mweka hazina. Alisema kwa upole, na hesabu zake, kwa kweli, hazikuwa na kasoro. Alieleza kwamba vidole vitatu vya kodiani havitoi sauti tena, na vingine viwili vyalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Fundi aliyekuwa akiitengeneza amekwisha fariki, na hakuacha mwanafunzi. Watu wa harusi siku hizi hawana subira ya kupakua wapigaji kumi na wawili kutoka garini na kuwalisha biriani. Wataka mtu mmoja aje na kinanda, spika mbili na mwimbaji. Kinanda cha umeme kina sauti ya kodiani ndani yake, kina ya fidla, kina ya nai, na ngoma kinajipigia chenyewe.

"Ndugu zangu," alimaliza, "mimi sichukii kodiani. Lakini chama kina deni la kodi ya nyumba, na mapenzi hayalipi kodi."

Msomaji asidhani kwamba huyu ni mtu asiyejali. Ndiye aliyekuwa akilipa nauli za wenzake kutoka mfukoni mwake siku ambazo mwenye harusi alichelewa kutoa pesa. Kwa hivyo maneno yake yastahili kujibiwa kwa hoja, si kwa machozi. Aliyesimama baada yake alijaribu machozi. Alisema kodiani ni mila ya mababu zetu, na mwenye kuuza mila yake ameuza kaburi la babu yake. Watu walipiga makofi, lakini mimi sikupiga, na nitaeleza kwa nini.

MGENI ALIYEKUWA MWENYEJI

Kodiani si mila ya mababu zetu. Ni mgeni, tena mgeni wa juzi. Tarehe 6 Mei, 1829, katika mji wa Vienna, fundi mmoja wa vinanda aitwaye Cyrill Demian pamoja na wanawe wawili walipeleka ombi serikalini la kupewa haki ya chombo kipya walichokibuni. Ndiyo sababu Shirikisho la Kimataifa la Wapiga Kodiani, lililoundwa mjini Paris mwaka 1935, limeifanya tarehe hiyo kuwa siku ya kodiani duniani tangu mwaka 2009. Baadaye viwanda vikatokea Trossingen huko Ujerumani, alikoanza kazi Matthias Hohner mwaka 1857, na Castelfidardo huko Italia, alikoanza Paolo Soprani mwaka 1863. Kutoka huko chombo kikaenea duniani pamoja na mabaharia, walowezi na askari, kwa sababu moja rahisi: ni kinanda kizima ambacho mtu aweza kukibeba kifuani, na hakitaki umeme wala meza.

Asili yake ya mbali zaidi iko Uchina, ambako kale sana watu walipuliza chombo kiitwacho sheng, chenye vilimi vinavyotetemeka kwa pumzi. Harmonia iliyotufikia kutoka Bara Hindi, ile aliyoipigia marehemu Mohamed Khamis Juma Bhalo nyimbo zake, nayo ni ya ukoo huo huo wa vilimi. Tofauti ni kwamba harmonia hukaa chini na kodiani hukumbatiwa.

Hapa Kenya kodiani ilipata makao mawili. Huko bara, Wakikuyu waliifanya roho ya mwomboko, ngoma ya mume na mke kushikana na kwenda hatua mbili kisha kuinama, huku pete ya chuma ikigongwa kando. Asiyejua angedhani ngoma hiyo iliumbwa na milima ya Nyandarua yenyewe, ilhali chombo chake na baadhi ya hatua zake zilitoka Ulaya. Huku pwani, kodiani iliingia katika taarabu ikaketi pamoja na udi, ganuni, fidla na dumbaki, kwa kufuata mfano wa bendi kubwa za Misri ambazo wazee wetu walizisikia katika santuri, redio na filamu.

Basi tukisema kodiani isiuzwe kwa kuwa ni ya mababu, kijana yeyote aliyesoma kidogo atatujibu: nyinyi mlipokea chombo kutoka Vienna, kwa nini sisi tusipokee kutoka Japani? Na hapo hatutakuwa na jawabu. Ni lazima tutafute hoja yenye miguu.

PUMZI NA ROBO SAUTI

Nilipokuwa mtoto chuoni, maalimu wetu hakutufunza herufi peke yake. Alitufunza pia mahali pa kuvuta pumzi. Aliyekata neno mahali pasipofaa alirudishwa mwanzo wa aya, na mara nyingine kwa kiboko, kwa sababu pumzi mahali pabaya huharibu maana. Miaka mingi baadaye, nilipomwona Ami akifungua na kufunga mvukuto wa kodiani yake, nilitambua elimu ile ile. Mvukuto ni pafu. Mpigaji akiugeuza katikati ya neno la mwimbaji, wimbo hukatika. Akiugeuza pamoja na kituo cha shairi, msikilizaji hahisi lolote ila raha. Ndiyo maana mpigaji kodiani mzuri wa taarabu sharti ayajue mashairi kwa moyo. Hawezi kuwa na vidole tu.

Liko jambo la pili, nalo ni la ndani zaidi. Kodiani iliyotoka kiwandani Ulaya imepangwa sauti kwa hatua kamili na nusu hatua. Lakini makamu za Kiarabu, kama rasti na bayati, zina sauti zinazokaa katikati, ambazo twaziita robo. Mwimbaji aipata robo kwa koo, mpiga fidla kwa kuteleza kidole. Kodiani haiwezi kuteleza. Kila kidole kimefungwa kwenye kilimi chake cha chuma, na kilimi hakijui kubembelezwa.

Mafundi wa Misri walilitatua jambo hilo kwa tupa. Ukikwangua kilimi kidogo karibu na ncha yake, sauti hupanda. Ukikikwangua karibu na shina, sauti hushuka. Kwa njia hiyo vidole vilivyochaguliwa hupangwa upya mpaka vikaimba robo. Kazi hiyo haina kurudi nyuma, kwani chuma kilichokwanguliwa hakioti tena. Fundi akikosea, ameua kilimi. Elimu ya namna hiyo haimo katika vitabu vya huku kwetu. Imo katika mikono ya watu wachache, na mikono huzikwa.

Tena kodiani kubwa ya kawaida ina vidole 41 upande wa kulia na vibonyezo 120 upande wa kushoto kwa ajili ya sauti nzito zinazoambatana. Katika taarabu yetu wapigaji aghalabu hutumia mkono wa kulia peke yake, kwa sababu muziki huu hutembea kwa njia moja ya sauti inayopambwa, wala hautaki rundo la sauti chini yake. Kwa maneno mengine, wazee wetu walikipokea chombo cha kigeni, wakanyamazisha nusu yake, wakakata vilimi vya nusu iliyobaki, mpaka kikasema Kiswahili.

Hapo ndipo ninapoiona hoja. Heshima ya kodiani iko katika kazi tuliyoifanya juu yake, wala haiko katika umri wake. Na swali la haki kukiuliza kinanda cha umeme ni hili: je, nacho tumekifanyia kazi, au tumekinunua tu? Maana vinanda vya umeme vingi vya siku hizi vyaweza kupangwa robo sauti, tena kwa kubonyeza tu, bila tupa na bila hatari. Wako vijana Unguja na Mombasa wanaolifanya hilo kwa ustadi. Lakini wako wengi zaidi wanaokiacha kinanda kama kilivyotoka dukani, na taratibu masikio ya watoto wetu yanaisahau robo. Sauti ikishasahauliwa na sikio, koo nalo halitaipata.

CHAMA NI NINI?

Mambo haya hayakuanza jana. Tangu miaka ya 1990, taarabu ya kisasa, ile ya rusha roho iliyotangazwa na makundi kama East African Melody na baadaye Jahazi Modern Taarab, ilikiweka kinanda cha umeme mbele na kuzipunguza fidla na kodiani mpaka zikatoweka. Wasikilizaji waliifurahia, wanawake wakapata uwanja wa kucheza na kutupiana maneno, na waimbaji hodari wakapata riziki. Mimi si katika wale wanaoilaani. Mashairi yake mengine ni mepesi, lakini hata zamani kulikuwa na mashairi mepesi. Ni kwamba tumeyasahau.

Kilichobadilika hasa ni idadi ya watu. Kinanda kimoja hufanya kazi ya watu kumi, na watu kumi wakiondoka, chama kimeondoka. Tazama vyama vikongwe. Ikhwani Safaa ya Unguja iliundwa mwaka 1905, ikachukua jina la wale wanazuoni wa Basra wa zamani waliojiita ndugu wa usafi wa moyo. Dar es Salaam, Egyptian Musical Club ilianza miaka ya 1930. Culture Musical Club ya Unguja ilianza mwaka 1958. Waanzilishi wote wamefariki au wamezeeka, lakini majina hayo yamedumu kupita maisha ya watu, kwa sababu katika chama kila kiti kina mrithi. Anayepiga fidla ya pili leo atapiga ya kwanza kesho. Na zaidi ya muziki, chama ni mahali pa kuzikana, kuchangiana harusi na kusuluhishana.

Hapa Mombasa sisi tulikwenda njia nyingine. Taarabu yetu ilijengwa juu ya mwimbaji mmoja mashuhuri na watu wake wachache. Njia hiyo ilitupa mabingwa ambao Afrika Mashariki nzima iliwajua. Lakini Juma Bhalo alipofariki mwaka 2014, na Zein l'Abdin mwaka 2016, kila mmoja aliondoka na kiti chake. Nyimbo zao zimebaki katika kanda na simu za watu, lakini hakuna chumba ambacho kijana aweza kubisha hodi akasema, nimekuja kukaa mahali pake.

Kwa hivyo vyama vichache tulivyo navyo vina thamani kuliko hesabu zao za benki zinavyoonyesha. Na kodiani, kwa kuwa haiwezi kufanya kazi peke yake katika taarabu, ni mojawapo ya kamba zinazowafunga watu hao pamoja. Yahitaji fidla za kuijibu, dumbaki la kuishikilia na mwimbaji wa kuifuata. Ukiiuza, hukuuza sanduku la vilimi. Umeuza sababu ya watu 17 kukutana Jumamosi usiku.

KOSA NI LETU PIA

Lakini nitakuwa mnafiki nikiishia hapo. Kodiani ile haikunyamazishwa na vijana wala na kinanda cha umeme. Imenyamazishwa na upepo wa chumvi, ambao hula chuma cha vilimi na kulegeza nta inayovishikilia. Na imenyamazishwa na sisi. Kwa miaka 30 Ami aliipiga, na kwa miaka 30 hakuna aliyefunzwa. Kijana akija, aliambiwa aketi asikilize. Akisikiliza mwaka mzima, aliambiwa bado. Ustadi uliofichwa ili usiibiwe hufa pamoja na mwenyewe, na hapo mwizi huwa ni kifo.

Na nusu ya mji hatukuifunza kabisa. Wanawake tuliwaruhusu kuimba, kupiga vigelegele na kutunza, lakini vyombo tukavifanya vya wanaume. Unguja wametutangulia. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanza kazi mwaka 2002, kiliwafunza wasichana kwa wavulana vyombo vya taarabu, kodiani ikiwamo. Na mwaka 2009 likaundwa kundi la Tausi, ambalo wapigaji wake ni wanawake watupu. Taarabu haikuanguka kwa hilo. Tukumbuke pia kwamba aliyeipeleka sauti ya Kiswahili katika santuri huko Bombay mwaka 1928 alikuwa mwanamke, Siti binti Saad.

Nayarudia mambo haya kwa sababu ya jambo lililotokea mkutanoni. Wakati mabishano yalipokuwa yamepamba moto, binti mmoja wa miaka kama 19, mjukuu wa mpiga fidla wa zamani wa chama, alisimama nyuma alikokuwa akigawa kahawa.

"Ami," alisema, "nifunze mimi."

Chumba kilinyamaza. Ami alikohoa, akajibu, "Kodiani ni nzito, mwanangu."

"Ndoo ya maji nayo ni nzito, Ami, na hamkupata kuniambia nisibebe."

Watu walicheka, na mweka hazina ndiye aliyecheka zaidi. Ami hakucheka. Alinyosha mkono akaondoa leso juu ya kodiani, na kwa mara ya kwanza usiku ule akaitazama.

LA KUFANYA

Kicheko hakitengenezi kilimi kilichoshika kutu, na mkutano ulirudi kwenye hesabu. Baada ya mazungumzo marefu yaliafikiwa haya: kodiani isiuzwe kwa muda wa mwaka mmoja. Katika mwaka huo ipelekwe Unguja kwa fundi, kwa mchango wa wanachama. Ami afunze jioni mbili kila wiki, binti yule na yeyote mwingine atakayekuja, na mafunzo yote yarekodiwe kwa simu. Kinanda cha umeme kikodishwe siku za harusi zinazokitaka, ili deni lilipwe. Mwaka ukiisha na hakuna aliyeweza kupiga bashrafu moja kutoka mwanzo hadi mwisho, mweka hazina ana ruhusa ya kuuza.

Mimi naliona kuwa jambo la busara, kwa sababu limempa kila mtu mzigo wake. Naongeza mawili kwa wasiokuwamo chumbani.

La kwanza ni kwa serikali zetu za kaunti. Katiba ya mwaka 2010, katika Jadweli ya Nne, imeziachia kaunti shughuli za utamaduni na burudani za umma. Basi utamaduni usiwe wimbo wa kumkaribisha mgeni wa heshima tu, wapigaji wapewe soda na fulana kisha waende zao. Chumba kimoja kikavu cha kuhifadhia vyombo, na posho ya fundi mmoja mwenye wanafunzi wawili, kingefanya kazi kubwa kuliko tamasha la siku tatu.

La pili ni kwa wenye harusi. Aliye na uwezo wa kukodi mapambo ya ukumbi kwa maelfu ya shilingi ana uwezo wa kualika wapigaji wanane kwa saa mbili, kabla ya spika kufunguliwa. Kizazi kinachokua hakiwezi kupenda kisichokisikia.

Nilipotoka usiku ule nilisikia nyuma yangu kodiani ikifunguliwa. Vidole vitatu havikulia. Vile viwili vililia kama paka. Kisha nikasikia sauti ya Ami ikisema, "Si kwa nguvu. Ivute kama unavyovuta pumzi." Nilisimama gizani mpaka waliponyamaza, na njiani nikaitunga beti hii, ambayo nawaachia wanachama wenzangu:

Chombo hata kiwe ghali, kikikosa wa kutunza,
Kutu hukila awali, unyamavu hukiponza,
Ndugu mlio kamili, mjuayo mkifunza,
Haikatiki asili, kwisha kwenu ni kuanza.